Mizani ya Jikoni ya Kilo 10 kwa Mfuga Sungura: Inafaa, Ila Zijue Kasoro Zake

Kwa anayefuga sungura hapa Mwanza, wawe wawili uani Nyakato au kumi bandani Buhongwa, kifaa cha kununua mara tu baada ya banda na chombo cha maji ni mizani ya jikoni ya kidijitali. Tunazungumzia ile nyeupe ya plastiki yenye sahani ya duara, kikomo cha kilo 10, inayosoma gramu moja moja na kutumia betri mbili za AA. Boksi zake nyingi huandikwa SF-400. Utaipata kwenye maduka ya vyombo katikati ya jiji na kwa machinga wa Makoroboi, kwa bei isiyoachana sana na ya kuku mmoja wa kienyeji, na ukijua kupatana hushuka kidogo.

Tunaisifu kwa sababu sungura huficha ugonjwa. Mnyama anayewindwa hajionyeshi mnyonge, na manyoya yake huficha mbavu hadi hali iwe mbaya. Anaweza kuja mbio mlangoni kila unapofungua banda, kumbe ameshapoteza robo kilo. Sungura wa kilo 2 akipungua gramu 100, hiyo ni asilimia 5 ya mwili wake, na inatosha kukufanya uanze kuchunguza. Akipungua gramu 200, yaani asilimia 10, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja wiki nyingine. Jicho halioni gramu 100. Hata mkono uliozoea kumbeba hauzihisi.

Wafugaji wengi wa mjini huazima mizani ya kuning'iniza, ile ya springi yenye ndoano inayotumika kwa samaki pale Mwaloni Kirumba. Kwa sangara inafanya kazi yake vizuri. Kwa sungura haifai, kwa sababu mbili. Kwanza, mistari yake mara nyingi imepishana gramu 50, 100 au hata 200, hivyo upungufu wote wa hatari wa sungura mdogo unamezwa ndani ya mstari mmoja. Pili, sungura aliyetiwa kwenye mfuko na kuning'inizwa hurusha miguu ya nyuma kwa nguvu kubwa, na uti wake wa mgongo ni mwepesi. Teke moja analolipiga akiwa amebanwa vibaya linaweza kumvunja mgongo.

Sasa kasoro za mizani yenyewe, maana zipo.

Kioo cha namba kipo mbele, chini ya usawa wa sahani. Ukiweka beseni pana la kumtosha sungura, linakifunika na huoni kitu. Dawa yake ni kuinua beseni: pindua kopo pana au sufuria ndogo nzito juu ya sahani, kisha weka beseni juu yake. Hakikisha linakaa katikati kabisa. Ndani ya mizani hizi kuna kihisio kimoja tu, kipo katikati, na sungura akijibanza upande mmoja namba hubadilika. Tandika gunia au taulo kuukuu ndani ya beseni ili miguu isiteleze, kwa sababu sungura anayeteleza hatulii. Fanya yote hayo sakafuni, juu ya saruji au vigae. Juu ya meza anaweza kuruka na kuumia, na juu ya mkeka mizani inadanganya kwa sababu inadidimia.

Kasoro ya pili inaudhi zaidi. Mizani hujizima yenyewe baada ya dakika chache, na namba hucheza kila sungura anapopumua au kugeuza kichwa. Haina kitufe cha kushikilia namba. Njia ambayo tunaipendekeza kuliko zote ni kupima kwa kutoa. Washa mizani ikiwa na kopo na beseni juu yake, mweke sungura, mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi hadi atulie, kisha bonyeza kitufe kilichoandikwa TARE. Namba itarudi sifuri. Sasa mtoe sungura. Kioo kitaonyesha uzito wake ukiwa na alama ya kutoa mbele, kwa mfano -2146, na namba hiyo imetulia kabisa kwa sababu hakuna tena kinachotikisika. Rudia mara tatu, chukua namba ya katikati. Zikipishana kwa zaidi ya gramu 10, alikuwa hajatulia ulipobonyeza, au beseni limekaa upande.

Mkojo wa sungura ndio unaoziua mizani hizi. Huingia chini ya sahani, hukauka na kuacha chumvi nyeupe kwenye kihisio, na baada ya hapo namba hazirudi sifuri. Ifunge mizani yote kwa nailoni nyembamba isiyobana sahani. Betri zikichoka namba huanza kuyumba kabla hata alama ya betri haijatokea, kwa hiyo weka kando pakiti moja ya chumvi ambayo haijafunguliwa na uipime kila mara kabla ya sungura. Haijalishi kama inasoma 500 au 507, mradi isome vilevile wiki hadi wiki. Ikibadilika, badilisha betri kabla ya kuhangaika na mnyama.

Kwa sungura mzima mwenye afya, pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chakula. Tumbo na kibofu vikijaa vinaweza kubadilisha uzito kwa makumi ya gramu, hivyo namba ya asubuhi na ya jioni hazilinganishwi. Sungura anayechunguzwa apimwe kila siku. Andika kwenye daftari: tarehe, uzito, vinyesi, alichokula. Na kila unapopima, pitisha vidole mgongoni. Mifupa ya uti ihisike ikiwa imefunikwa, yenye kingo butu. Ikichoma vidole, amekonda, hata kama namba unayoiona ndiyo ya kwanza kuiandika. Kumbuka pia kwamba sungura wa aina ya New Zealand mweupe hufika kilo 4 hadi 5, wakati machotara wengi wa hapa wako kilo 2 hadi 3. Lenye maana ni asilimia ya uzito wake mwenyewe.

Kuna kazi ya pili ya mizani hii ambayo wafugaji wengi hawaifikirii, na kwetu ndiyo inayoipa thamani yake kamili: kupima chakula. Pima nyasi unazompa jioni, pima zilizobaki asubuhi. Fanya hivyo kwa peleti pia, yaani chakula cha dukani kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo. Baada ya siku mbili tatu utajua jambo ambalo daktari atakuuliza kwanza, yaani kama anakonda huku anakula, au anakonda kwa sababu hali.

Anayekonda kwa kutokula, anza na mdomo. Meno ya sungura, yote 28, hayaachi kuota maisha yake yote; ya mbele huongezeka takribani milimita 2 au zaidi kwa wiki, na yanapunguzwa kwa kusagana wakati anatafuna nyasi ndefu. Anayelishwa pumba na majani laini tu hayasagi ipasavyo. Ya mbele utayaona ukifunua mdomo. Magego huyaoni bila kifaa cha daktari, ila dalili zake zinaonekana: kidevu kilicholowa mate, chakula kinachodondoka mdomoni, kuchagua mchicha na kuacha nyasi, uvimbe ukipapasa mfupa wa taya la chini. Usikate meno kwa koleo la kucha. Jino hupasuka hadi ndani ya ufizi na usaha hufuata.

Joto nalo hupunguza hamu ya kula. Banda lenye bati tupu bila dari, hata lenye upepo wa ziwa, hupita nyuzi 30 mchana, na sungura haelewani na joto la namna hiyo. Anahitaji mililita 50 hadi 150 za maji kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Pima na maji pia. Gramu moja ni mililita moja.

Anayekonda huku anakula vizuri ana orodha nyingine. Kwa sungura wadogo, hasa waliotoka kuachishwa kunyonya, wa kwanza kushukiwa ni koksidia, vijidudu vya utumbo na ini vinavyostawi kwenye banda lenye unyevu. Masika yakikolea na sakafu isikauke, hapo ndipo vinapozaliana. Chukua vinyesi vya siku hiyohiyo kwenye kopo safi lenye kifuniko, mpelekee daktari ili vipimwe maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ana kituo Mwanza. Kwa jike anayenyonyesha, uzito hushuka kwa sababu chakula hakimtoshi. Kwa jike mkubwa wa zaidi ya miaka minne ambaye hajatolewa kizazi, saratani ya mji wa mimba si jambo la nadra. Kwa sungura wazee, huenda ni figo. Na wakati mwingine ni mwenzake tu anayemfukuza kwenye chombo cha chakula. Watenganishe siku chache, pima, utajua.

Chakula chenyewe kinastahili maneno makali kidogo. Sungura akikonda, kosa la kawaida ni kumwongezea pumba za mahindi, mkate au chakula cha kuku. Wanga mwingi huchachua tumbo na kuua bakteria wanaomsaidia kumeng'enya nyasi, naye hukonda zaidi. Baadhi ya vyakula vya kuku vimechanganywa dawa za kuzuia koksidia, na mojawapo, narasin, ni sumu kwa sungura. Peleti za sungura ni gramu 25 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, basi. Sungura wa kilo 2 atosheke na gramu 50. Tafuta zenye nyuzinyuzi asilimia 18 au zaidi. Epuka kupimiwa kutoka gunia lililoachwa wazi dukani: hewa ya ziwa hulitia ukungu haraka, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi mno na sumukuvu. Chukua kiganja kimoja, nusa. Zikinuka uvundo au nusu yake ikiwa imegeuka unga, ziache.

Sehemu kubwa ya mlo wake, kama asilimia 80, iwe nyasi: ukoka, nyasi za Rhodes, matete yaliyokatwa machanga na kukaushwa kivulini. Kishonanguo anakipenda. Lusina, ambayo wengi wamepanda kama uzio, ina sumu ya mimosini inayonyonyoa manyoya na kudumaza. Anayekonda asipewe kabisa. Magugu maji ya ziwani nayo yaache. Karibu yote ni maji, na hufyonza metali zilizomo kwenye maji machafu. Ukibadilisha chakula chochote, changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Akimaliza muda wa saa 12 bila kula kabisa, au vinyesi vikawa vidogo, vichache, au vikakoma, hiyo ni dharura, utumbo umesimama. Papasa tumbo. Likiwa gumu na limejaa kama mpira, usimpe kitu mdomoni, mkimbize kwa daktari. Likiwa laini, loweka peleti kwenye maji ya uvuguvugu hadi ziwe uji, chuja kwa kitambaa, mpe kwa sirinji isiyo na sindano ya mililita 5 au 10. Ielekeze pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, mililita moja kwa wakati, umpe nafasi ya kumeza. Jumla ni mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, zigawanywe mara nne au tano. Kwa wa kilo 2 ni mililita 20 hadi 25 kila mara. Huo ni msaada wa kumfikisha kwa daktari tu. Kwa aliye kisiwani, Ukerewe au Kome, iwapo daktari yuko ng'ambo ya maji, ndio unaomvusha usiku.

Dawa za dukani ziogope. Amoksisilini, ampisilini, linkomaisini na klindamaisini zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa tumbo, na sungura anaweza kufa kwa kuharisha siku chache baadaye. Dawa ya viroboto yenye fipronili ni marufuku kwake. Ivermektini hutumika kwa ukurutu wa masikio, lakini chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, na sungura wa kilo 2 anahitaji sehemu ndogo tu, mara nyingi mililita 0.04 hadi 0.08. Daktari ndiye wa kuikadiria, kwa sirinji ya mililita 1 na kwa uzito wa siku hiyo. Hapo ndipo gramu moja moja za mizani hii zinaposaidia kweli: mpe daktari daftari lenye namba za wiki sita zilizopita, naye atapima dozi kwa uzito halisi badala ya kumkadiria kwa macho.