Kwa baiskeli hadi Marafa: usiku mmoja katika banda la ukingoni mwa Nyari

Kwa wengi wetu tunaoishi Malindi, Marafa ni safari ya gari ya alasiri moja: unafika, unalitazama bonde la Nyari jua likichwa, unapiga picha, kisha unarudi mjini usiku huohuo. Niliposikia kwamba kuna vijana wa hapa mjini wanaokodisha baiskeli za milimani pamoja na mifuko ya mizigo, kiongozi wa njia na malazi ya usiku mmoja katika banda la makuti karibu na bonde lenyewe, nililipa shilingi 7,500 nikaenda nao mwezi wa Agosti. Nayaandika haya kwa ajili ya anayefikiria kwenda, kwa sababu malazi yao ni mazuri kupita nilivyotarajia, ilhali baiskeli zao zina kasoro ambayo haistahili kufumbiwa macho.

Mtindo huu wa kulala njiani una wenyewe duniani. Kule Nyuzilandi, kwa mfano, ipo njia ya Old Ghost Road, ya kilomita 85 kutoka Lyell hadi Seddonville, iliyokamilika mwaka 2015, ambako waendesha baiskeli hulala katika vibanda vya mlimani ambavyo nafasi zake huwekwa mapema. Faida ya kibanda ni kwamba hakimlazimu msafiri kubeba hema. Marafa haina mlima wa namna hiyo, lakini kwa mtu anayekanyaga pedali katika mchanga chini ya jua la pwani, kila kilo iliyobaki nyumbani ni nafuu kubwa kwa magoti.

Kazi ya kufunga mizigo waliifanya kwa ustadi. Kiongozi aliweka maji, lita 4 kwa kila mmoja, katika mfuko unaokaa ndani ya pembetatu ya fremu, akaeleza kwamba kitu kizito kikikaa chini na katikati baiskeli haiyumbi mchangani, tofauti na mzigo unaorundikwa juu ya karia. Shuka na nguo, kwa kuwa ni nyepesi, zikafungwa mbele ya usukani. Alinitaka nipande na kuzungusha pedali polepole, kisha akapitisha vidole viwili kati ya mfuko na goti langu. Vilipokwama, aliifungua mikanda yote akaanza upya, na hadi nilipoishusha mizigo ile kesho yake goti halikugusa mfuko hata mara moja.

Tulitoka alfajiri, tukavuka daraja la Sabaki, mto uleule unaoitwa Galana huko bara, ambao hushusha tope jekundu na kuibadili rangi bahari ya Malindi wakati wa mvua. Mbele kidogo tukaiacha lami ya Garsen, tukashika njia za miguu zinazopita kati ya mikorosho na mashamba ya mahindi. Upepo wa kusi ulitusukuma mgongoni, na penye mchanga mwingi kiongozi alitusimamisha tupunguze upepo wa matairi ili yatanuke na yasizame.

Kasoro ilijitokeza hapo. Matairi ya baiskeli yangu yalikuwa yamelika hadi meno yake yakabaki alama tu, na tairi la namna hiyo haliwezi kustahimili miba ya migunga. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepata pancha mara mbili na mwenzangu mara moja. Tyubu za akiba zilikuwa mbili tu kwa watu wanne, na tulipofungua gundi ya viraka tukakuta imekauka ndani ya chupa yake. "Mjomba, mwiba usiung'oe kwanza, ndio unaozuia upepo usitoke wote," kiongozi aliniambia, na kweli, kwa kutia upepo kila baada ya muda mfupi tulifika kijijini, ambako fundi wa chini ya mwembe alitubandikia kiraka kwa shilingi 50. Tulipoteza saa mbili juani. Kiongozi hana lawama, maana alijitahidi kuliko alivyolipwa. Lawama ni ya wenye baiskeli, waliojua njia ilivyo na bado wakatoa matairi yale.

Banda lenyewe ni la udongo na makuti, lina vitanda vinne vya kamba, kila kimoja na chandarua kisicho na tundu, na sakafu yake ilikuwa imenyunyiziwa maji na kufagiwa kabla hatujafika. Mama mwenyeji, Mgiriama wa hapohapo, alitupokea kwa "Karibuni wanangu" na karai la maji ya kunawa, akatuacha tupumzike bila maswali. Chakula kilikuwa sima, kunde za nazi na kuku wa kienyeji, na kilitosha hata kwa watu waliokanyaga pedali karibu kilomita 40. Umeme hakuna isipokuwa taa ndogo ya sola. Choo ni cha shimo, safi kabisa.

Jioni alitupeleka ukingoni kwa miguu. Nyari imechongwa na mvua na upepo katika mchanga ulioshikamana, na jua linapoinama kuta zake huonyesha tabaka la jeupe, la manjano na la jekundu. Alitusimulia habari za matajiri waliooga maziwa hadi Mungu akawaangamiza, weupe ule ukiwa maziwa na wekundu ukiwa damu ya ng'ombe wao. Magari yalipoondoka tulibaki sisi na sauti ya mbuzi wanaorudishwa zizini, na kwangu mimi saa ile moja ilitosha kuwa thamani ya fedha niliyolipa.

Kesho yake tuliamshwa saa kumi na moja alfajiri, kwani wakati wa kurudi kusi huwa usoni na huzidi nguvu jua likipanda. Ulikuwa uamuzi sahihi.

Nimewaeleza wenye huduma habari za matairi na gundi, nao wamekiri. Nimeshaweka nafasi ya watu wanne kwa mwezi wa Januari, nikalipa nusu. Nusu iliyobaki nitailipa siku moja kabla ya safari, baada ya kuyakagua matairi yote manane kwa mkono wangu.