Albamu za Peke Yao: Buckingham, Nicks na McVie Nje ya Fleetwood Mac

Bendi nyingi za roki hujengwa juu ya mtunzi mmoja, au wawili wanaogawana kazi, na wanachama waliobaki hupewa nafasi ya wimbo mmoja mmoja kwa hisani. Fleetwood Mac haikuwa hivyo. Lindsey Buckingham na Stevie Nicks walipoingia na kutoa na bendi hiyo albamu ya kwanza mwaka 1975, walimkuta Christine McVie akiwa tayari kwenye kinanda, na tangu hapo kukawa na watunzi watatu wenye uzito unaokaribiana, kila mmoja akiimba alichokitunga. Ukisikiliza albamu ya Rumours ya 1977 si rahisi kupima nani anadaiwa nini, kwa sababu besi ya John McVie na ngoma za Mick Fleetwood ni zilezile kutoka wimbo hadi wimbo, na mkono wa Buckingham umepita kila mahali. Albamu walizozitoa wakiwa nje ya bendi ndizo zinazoturuhusu kupima, nazo zinaonyesha kwamba kutunga wimbo ni kazi moja na kuukamilisha ni kazi nyingine, na kwamba watu hawa watatu hawakujaliwa kazi hizo mbili kwa kiwango sawa.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo ndani ya Rumours yenyewe. Nicks aliutunga wimbo wa Dreams kwa muda mfupi akiwa peke yake kwenye chumba cha studio ya Record Plant huko Sausalito, California, na alipouleta kwa wenzake ulikuwa na kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) mbili tatu tu zinazojirudia mwanzo hadi mwisho. Christine McVie alieleza baadaye kwamba yeye binafsi hakuona kitu cha ajabu ndani yake, mpaka Buckingham alipozichukua kodi hizohizo na kuzijengea sehemu tatu tofauti, kila moja ikiwa na rangi yake. Hakuna wimbo mwingine wa bendi hiyo uliowahi kushika nafasi ya kwanza katika chati ya singo za Marekani. Maneno na melodi ni vya Nicks, na hakuna wa kumnyang'anya sifa hiyo. Hata hivyo, msikilizaji anayetaka kujua kwa nini wimbo wenye vitu vichache hivyo hauchoshi hana budi kumtazama mtu mwingine.

Mwaka 1981 ulileta mtihani wa haki, kwa kuwa Nicks na Buckingham walitoa albamu zao za kwanza za kujitegemea zikipishana kwa miezi michache. Bella Donna ya Nicks ilitoka mwezi Julai, ikapanda hadi nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya Marekani. Law and Order ya Buckingham ilifuata mwezi Oktoba, nayo ikapata wimbo mmoja uliovuma, Trouble, uliofika nafasi ya 9 nchini humo.

Bella Donna inastahili kusikilizwa kwa makini kwa sababu imetengenezwa na mtu anayejua asichokiweza. Nicks si mpiga ala hodari na hajawahi kujifanya kuwa hivyo, kwa hiyo aliwatafuta wenye ufundi: Jimmy Iovine akaitayarisha, Waddy Wachtel akashika gitaa, Russ Kunkel akapiga ngoma, Roy Bittan akapiga piano na Benmont Tench ogani, huku Lori Perry na Sharon Celani wakimwitikia kwa sauti zilizoshikana na yake kiasi kwamba wakati mwingine huwezi kuzitenganisha. Nyimbo nyingi alikuwa nazo akibani kwa miaka, maana katika bendi yenye watunzi watatu nafasi ni finyu. Katika Tusk ya 1979, albamu ya nyimbo 20, alipata 5 tu, wakati Buckingham alichukua 9 na McVie 6. Leather and Lace, anaouimba pamoja na Don Henley, aliutunga kwa ajili ya Waylon Jennings na Jessi Colter, waimbaji wa muziki wa country. Akiba hiyo ndiyo inayoifanya Bella Donna ishibe: hakuna wimbo uliotungwa ili kujaza upande wa pili wa sahani.

Kuna doa moja, ikiwa ni doa. Iovine aliona kwamba albamu haina singo ya kuifungulia milango, akaleta Stop Draggin' My Heart Around, wimbo wa Tom Petty na Mike Campbell uliopigwa na bendi ya Petty mwenyewe, na ndio huo usio na hata neno moja la Nicks uliofika nafasi ya 3. Wapo wanaolitumia jambo hili kumdunisha. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa ukiuweka kando ya Edge of Seventeen, ambao ni wake mwenyewe, utasikia mara moja ni upi umedumu. Huo wa pili aliutunga akiomboleza vifo viwili, cha mjomba wake na cha John Lennon aliyeuawa Desemba 1980. Gitaa la Wachtel linapigwa kwa pigo la harakaharaka lisilopumua, na juu yake Nicks anaimba melodi yenye noti chache mno, akizisogeza mbele na nyuma ya mdundo, huku picha za usiku, bahari na ndege zikirundikana bila kufafanuliwa. Hivyo ndivyo anavyotunga: huanzia kwenye maneno, mengi yake yakiwa mashairi na maandishi ya shajara, na kumwachia mtu mwingine swali la wimbo utasimama juu ya nini.

Tegemeo hilo lina gharama, nayo inaonekana katika albamu zilizofuata. The Wild Heart ya 1983 bado ina nguvu, hasa Stand Back, wimbo alioutunga baada ya kusikia wa Prince redioni, na Prince mwenyewe akaja studio kuupigia sinthesaiza. Rock a Little ya 1985, hata hivyo, imezama katika vinanda na ngoma za mashine za enzi yake, na Street Angel ya 1994 inapwaya karibu yote. Nicks ni yuleyule; walio karibu naye ndio waliobadilika, naye hana namna ya kuuokoa wimbo kwa vidole vyake. Alipofanya kazi na Sheryl Crow katika baadhi ya nyimbo za Trouble in Shangri-La ya 2001 alirudi kwenye kiwango chake, na katika 24 Karat Gold ya 2014 alifanya jambo la busara kwa kurudi kwenye akiba yake ya zamani na kurekodi upya nyimbo ambazo nyingi zilikuwa zimelala tangu miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 2019 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa mara mbili katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, baada ya kuingia na bendi mwaka 1998. Heshima hiyo anaistahili, ingawa nadhani alipewa kwa ajili ya sauti na haiba yake kama ilivyo kwa ajili ya utunzi.

Buckingham ana tatizo lililo kinyume kabisa. Anapiga gitaa bila kutumia kipigio, kwa vidole vitupu, na anaweza kujaza utepe mzima peke yake kwa ala karibu zote. Law and Order ndivyo ilivyofanywa, na ndiyo maana inasikika kama mtu anayejichekesha mwenyewe ndani ya chumba kilichofungwa. Sauti zinaongezwa na kupunguzwa mwendo, nyimbo za zamani za watu wengine zinaingizwa kwa mzaha nusu na kwa dhati nusu, na hakuna aliyekuwepo wa kumwambia kwamba mzaha umetosha. Wimbo pekee unaopumua ni Trouble, na si kwa bahati: ngoma zake ni za Mick Fleetwood, kipande kifupi cha utepe kilichozungushwa, lakini hata kipande hicho kinatosha kuleta mtu wa pili chumbani. Go Insane ya 1984 ina ujasiri zaidi, ila ukisikiliza mfululizo utachoshwa na ukali wake.

Kinachosikitisha ni kwamba Buckingham, kila alipokuwa na nyimbo nzuri za kutosha albamu yake mwenyewe, bendi ilikuja kuzichukua. Tango in the Night ya 1987 ilianza kama mradi wake binafsi. Say You Will ya 2003 ilimeza sehemu kubwa ya albamu aliyokuwa ameiandaa na hakuitoa. Anayempima kwa albamu zake peke yake, basi, anapima mabaki, isipokuwa kwenye Out of the Cradle ya 1992, aliyoitengeneza baada ya kuondoka katika bendi mwaka 1987 na akiwa hana wa kumdai. Aliitunga kwa sehemu kubwa pamoja na Richard Dashut, mshiriki wake wa siku nyingi studioni, na uwepo wa mtu huyo unasikika, kwa maana nyimbo zina mwanzo, kati na mwisho, viitikio vimepandishwa kwa subira, na vipande vya gitaa tupu vinavyotangulia baadhi ya nyimbo havikai kama maonyesho ya ufundi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo albamu iliyopangwa vizuri kuliko zote zinazotajwa hapa, hata kuliko Bella Donna, ingawa hakuna wimbo wake mmoja utakaokukaa kichwani kama Edge of Seventeen. Baada yake nenda moja kwa moja kwenye Under the Skin ya 2006, ambayo karibu yote ni gitaa lisilo la umeme na sauti ya chini. Anayetaka kujua alifikaje huko asikilize Big Love katika albamu ya jukwaani The Dance ya 1997, ambamo wimbo uliojaa mitambo mwaka 1987 unapigwa na mtu mmoja na gitaa moja, na kuwa bora kuliko ulivyokuwa.

Tena uhodari wake wa kupanga nyimbo za wengine haukuishia kwa Nicks. Bob Welch, aliyekuwa mwanachama kabla ya 1975, alikuwa amerekodi Sentimental Lady na bendi mwaka 1972, na wimbo ukapita bila kelele. Alipourudia kwa ajili ya albamu yake French Kiss ya 1977, Buckingham na Christine McVie ndio walioutayarisha na kuuitikia, na wimbo uleule ukafika nafasi ya 8 nchini Marekani. Mick Fleetwood naye alitoa The Visitor mwaka 1981, aliyoirekodi Accra pamoja na wanamuziki wa Ghana. Ina raha yake, lakini Fleetwood si mtunzi na haiwezi kuingia katika ulinganisho huu.

Amebaki Christine McVie, ambaye ndiye mgumu kuhukumiwa. Toleo la Marekani la Greatest Hits ya bendi, lililotoka 1988, lina nyimbo 16, na 8 kati ya hizo ni zake, nyingine akiwa ametunga na mwenzake. Alitokea kwenye muziki wa blues, akaipigia kinanda bendi ya Chicken Shack, na kutokana na huko alibeba nidhamu ambayo wale wawili hawana: beti fupi, maneno ya kawaida anayoambiwa mtu mmoja, melodi inayokaa mahali pazuri pa sauti, na wimbo unaokwisha pale unapokuwa umesema lake. Songbird, uliorekodiwa katika ukumbi wa Zellerbach huko Berkeley, hauhitaji mpangilio wa mtu yeyote. Ni piano, sauti na gitaa la pembeni, na umekamilika tangu ulipotungwa. Katika jambo hili namweka juu ya wote wawili.

Lakini albamu zake za peke yake hazifikii kiwango hicho. Ile ya 1984 yenye jina lake ina wageni wakubwa, wakiwemo Steve Winwood na Eric Clapton, na ina Got a Hold on Me, alioutunga pamoja na Todd Sharp na uliofika nafasi ya 10 Marekani. Ni albamu safi, yenye adabu, na baada ya nusu yake unaanza kutamani mtu aivuruge kidogo. Nadhani sababu ni kwamba McVie hakuwa na hamu ya kusimama mbele. Wimbo wake mmoja baada ya kelele za Buckingham na ukungu wa Nicks unakuja kama nafuu, ilhali nyimbo zake kumi kwa mpigo hazina cha kuzinusuru. In the Meantime ya 2004 ina udhaifu huohuo, na anayetaka kuijua aanze na Songbird: A Solo Collection ya 2022, iliyotayarishwa na Glyn Johns miezi michache kabla ya McVie kufariki Novemba mwaka huo, ambamo nyimbo kadhaa za albamu zake zimechanganywa upya.

Albamu inayothibitisha ninayoyasema si ya mtu mmoja bali ya wawili: Lindsey Buckingham/Christine McVie ya 2017, yenye nyimbo 10, ambamo Fleetwood na John McVie wanapiga pia, kwa hiyo anayekosekana ni Nicks pekee. Nyimbo za McVie hapa zina kingo ambazo hazikuwepo mwaka 1984, na Buckingham, akiwa na nyimbo za mtu mwingine za kushughulikia, hana muda wa kujichekesha. Carnival Begin, wa mwisho, ni bora kuliko chochote alichokirekodi McVie peke yake baada ya 1984. Pale anapoachwa na piano tu, kwenye Game of Pretend, ule upole wa zamani unarudi na albamu inasinzia kwa dakika chache. Anayesikiliza Fleetwood Mac kwa ajili ya Nicks hatapata anachokitafuta hapa, na ni heri abaki na Bella Donna.