Safari ya boti kumtafuta Champ: boti nzuri, masimulizi mepesi

Mwezi Julai nilipanda boti ya watalii inayoondoka Burlington, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, kwa safari ya saa moja na nusu ambayo tangazo lake huahidi kumfikisha abiria kwenye makazi ya Champ, dude linalosemekana kuishi katika Ziwa Champlain. Kuhusu huduma sina lawama: tuliondoka kwa wakati, sitaha ilikuwa safi, watoto walivalishwa majaketi okozi kabla ya kamba kufunguliwa, na milima ya Adirondack ng'ambo ya maji inatosha peke yake kuistahili nauli.

Kasoro ilikuwa katika masimulizi. Mwongozaji alitueleza kwa kipaza sauti kwamba mvumbuzi Samuel de Champlain alimwona Champ mwaka 1609, ilhali maelezo aliyoyaandika Mfaransa huyo yanamhusu samaki mwenye mdomo mrefu uliojaa meno, ambaye wengi humtambua kuwa ni gar, na ambaye yumo ziwani hadi leo. Kisha alitupitishia nakala ya picha aliyoipiga Sandra Mansi mwaka 1977, inayoonyesha kitu kama shingo iliyochomoza majini, akakata shauri kwamba huyo ni plesiosauri, mtambaazi wa baharini wa kale mwenye shingo ndefu, aliyesalia. Hakugusia kwamba wanyama hao walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, wala kwamba bonde hilo lote lilifunikwa na barafu nene iliyoondoka miaka 13,000 hivi iliyopita. Sijui mwongozaji alidhani mnyama huyo aliisubiri wapi barafu hiyo iondoke.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kisa cha kweli kinakishinda hicho. Barafu ilipoondoka, bahari iliingia bondeni, na mwaka 1849 wajenzi wa reli waliokuwa wakichimba Charlotte, kusini kidogo mwa Burlington, walifukua mifupa ya nyangumi aina ya beluga katika udongo wa mfinyanzi, mamia ya kilomita kutoka pwani ya leo. Mifupa hiyo imehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Vermont, mjini humo humo tulimopandia boti, na bado safari nzima ilikwisha bila nyangumi huyo kutajwa.

Nimewapa nyota tatu kati ya tano, zote za nahodha na wahudumu wake. Atakayekwenda abebe sweta, kwani upepo wa ziwa hilo ni mkali hata wakati wa kiangazi.