Gari la zamani la Morris Minor 1000: kufufua dainamo inayochaji betri au kufunga altaneta mahali pake?

Dainamo ya Lucas C40 hutoa ampea 22 tu, na injini ikizunguka taratibu haichaji kitu. Altaneta ya Lucas 17ACR hutoa 36, hata kwenye foleni huchaji. Ila kwenye Minor ya asili, chanya ya betri imeungwa kwenye bodi ya gari; altaneta hiyo inataka hasi ndiyo iungwe hapo. Geuza betri, badilishana nyaya mbili ndogo za koili ya kuwasha cheche za plagi, vuta waya mnene mpya wa kuchaji. Ukisahau kugeuza betri, diodi (vipande ndani ya altaneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) huungua papo hapo.

Kufufua dainamo ni nafuu zaidi: brashi mbili, beringi ya mbele, bushi ya nyuma. Komyuteta (silinda ya vipande vya shaba ambavyo brashi hugusa) ikishachongwa, kwangua mika, kihami kilicho kati ya vipande hivyo, iwe chini ya shaba. Ikibaki juu, brashi hurukaruka na kutoa cheche. Bushi ya nyuma nayo hufa kwa kukosa matone ya mafuta!

Gari la Jumapili, dainamo inatosha kabisa.