Instagram au tovuti: biashara ya Mwanza ijijenge wapi?

Kwa gharama, Instagram inashinda. Akaunti ni bure, unalipia bando tu. Tovuti inadai ada ya kila mwaka ya jina la .co.tz (anwani ya tovuti yenye mwisho wa Tanzania) na ya kuihifadhi mtandaoni, mbali na malipo ya fundi wa kuitengeneza.

Uhakika ndio hoja nzito. Akaunti ikidukuliwa au ikifungwa, wafuasi uliowakusanya kwa miaka wanakwenda nayo. Jina la tovuti linabaki lako maadamu unalilipia, na mnunuzi wa jumla anayetafuta dagaa wa Mwanza kwenye Google anaweza kukukuta hata kama hujaposti mwezi mzima. Ila lisajiliwe kwa jina lako, si la fundi. Hapo wengi huumia.

Matunzo? Instagram inataka picha na majibu kila siku. Tovuti inataka bei na namba za simu zilizo sahihi.

Muoka keki wa Nyakato anayeuzia majirani, Instagram na WhatsApp zinamtosha kabisa. Hoteli ya Capri Point inayongoja wageni wa Serengeti haiwezi kukosa tovuti. Mfanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, anayepeleka mzigo mikoani, aendelee na Instagram, lakini jina la .co.tz alisajili mapema, kabla mwingine hajalichukua.