Karavani ya kukodi, Perth mpaka Gwalia: uzoefu wangu wa siku 9 na mzee

Wadau naandika hii kwa yeyote aliyeko Perth, au anayekuja kutembelea ndugu huku, na anafikiria kukodi karavani aingie nchi ya dhahabu, maana mimi nilitafuta mtu wa kunielezea kwa Kiswahili sikumpata. Mzee wangu alikuja kutoka Geita mwezi wa saba. Kachimba dhahabu Nyarugusu miaka mingi kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo), sasa umri umeenda, na kitu pekee alichoniomba nimuonyeshe Australia ni migodi. Basi nikakodi karavani, yaani kijumba cha kuvutwa na gari, ya kulala watu watatu, dola 140 kwa siku, nikaifunga nyuma ya Prado, mimi na mke wangu na mzee tukaondoka.

Nianze na kizuri. Perth mpaka Kalgoorlie ni kama kilomita 600, lami tupu, karavani ilitulia vizuri tu kwenye 90, haiyumbi hata yakipita yale malori ya matrela matatu mpaka manne ambayo mengine yana urefu wa zaidi ya mita 50 (ukiona linakuja shika usukani kwa mikono miwili, upepo wake sio mchezo). Jiko la gesi liko poa, ugali tulisonga kila jioni, unga nilibeba kutoka duka la Waafrika. Hita nayo naisifu kabisa maana Julai huko jangwani usiku baridi inakaribia sifuri na mzee ana kifua, ila alilala kama mtoto. Na karibu njia nzima kuna bomba la maji linaenda na wewe pembeni, lilifunguliwa 1903 kupelekea maji wachimbaji na hadi leo Kalgoorlie wanakunywa humo. Mzee alipoelewa maji yanasukumwa na pampu kutoka kule karibu na Perth alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Sisi ziwa lilikuwa pale pale, na maji tulinunua kwa dumu."

Kalgoorlie tulikaa siku mbili. Lile shimo kubwa wanaita Super Pit, kama kilomita 3 na nusu kwa urefu, upana moja na nusu, kina mita 600 hivi, malori yanayobeba zaidi ya tani 200 ukiyaona kule chini ni kama vidude vya kuchezea. Kuna sehemu ya kusimama kuangalia, bure. Mimi nilidhani tutakaa nusu saa. Mzee alisimama pale karibu masaa mawili, akanionyesha vitundu kwenye kuta za shimo, ni njia za wachimbaji wa zamani, maana kabla ya 1989 hapo palikuwa na migodi mingi ya chini kwa chini, ndio ikaunganishwa ikawa shimo moja. Akawa ananielekeza, huyu alifuata mwamba huku, huyu alipotea, huyu kaupata. Sijawahi kumsikia akiongea vile.

Sasa ubaya. Kampuni siitaji, ila tangazo lao lilisema karavani ni ya barabara za vumbi na ina matenki mawili ya maji. Tumetoka Menzies, kamji kaskazini ya Kalgoorlie, kwenda ziwa la chumvi la Ballard, kama kilomita 50, kule kuna sanamu 51 nyeusi za chuma zimesimama ziwani, za mchongaji wa Kiingereza Antony Gormley, na unaruhusiwa kulala bure, pazuri mno. Kufika, nafungua bomba, maji yameisha. Tenki la pili lipo lakini halijaunganishwa na kitu! Yaani lita 80 tu watu watatu, na pale hakuna maji kabisa, bahati nilikuwa na madumu mawili kwenye gari. Ndani kila kitu chekundu, vumbi limepita kwenye mpira wa mlango uliochoka, mpaka kwenye mashuka ya mzee, akaanza kukohoa na hapo ndio nilikasirika kweli.

Kurudi lami, tairi la kushoto la karavani likapasuka. Spea ipo, jeki waliyotupa fupi haifiki. Mtandao wa simu hakuna. Tulikaa saa nzima na zaidi mpaka wakapita bibi na babu mmoja wa Kizungu, wastaafu wanaozunguka nchi na karavani yao, wakatuazima jeki, babu akalala chini mwenyewe kwenye changarawe. Nilipoangalia lile tairi, zile namba nne za mwisho zilizoandikwa ubavuni zilikuwa 2214, maana yake limetengenezwa wiki ya 22 mwaka 2014. Angalieni hizo namba kabla hamjasaini chochote, na jaribuni jeki hapo hapo uani kwao, na redio ya UHF (ya kuongea na magari mengine njiani) msikose, madereva wa malori wako chaneli 40.

Gwalia, kijiji cha zamani cha wachimbaji pembeni ya mji wa Leonora, ndio ilinifanya nisijutie hela. Mgodi ulifungwa Desemba 1963 na ndani ya wiki chache karibu watu wote wakaondoka, nyumba zikabaki. Kule juu kilimani kuna nyumba ya meneja, Herbert Hoover alikuwa meneja wa mgodi huo 1898 akiwa kijana, baadae akawa rais wa Marekani. Mzee hakujali ya meneja. Alienda kwenye vibanda vya wachimbaji, wengi walikuwa Waitaliano, bati nje na ndani kuta za magunia, kitanda cha chuma, birika. Akashika lile gunia, akaniita, "Mwanangu, hapa ni Nyarugusu." Akaomba nimpige picha mlangoni, kofia kavua.

Ningekodi tena? Karavani ndogo ndiyo, hii hapana. Nimerudisha imeoshwa, wamenikata dola 400 za dipoziti, eti vumbi na tairi. Barua nimeshawaandikia na picha ya ile 2214, wakinirudishia nitakuja kuwaambia hapa.