Mwaka mmoja wa Alhamisi: uzoefu wangu na klabu ya huduma hapa Mbeya

Nilijiunga na klabu hii Februari mwaka jana, na wiki iliyopita nimelipa ada ya mwaka wa pili. Nimeona niandike kwa sababu watu wananiuliza hizo Alhamisi ninakokwenda kuna nini, na wengine wamealikwa lakini wanasita kama nilivyosita mimi. Jina la klabu sitalitaja. Si tawi la Rotary wala la Lions, zile klabu za huduma za kimataifa. Ni chama cha hapahapa mjini, kimeandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya, kina wanachama thelathini na kidogo. Kinakutana kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na kinachangisha fedha kwa ajili ya shule na zahanati za kata zinazotuzunguka.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha ushonaji Mwanjelwa, mashine tano, na mabinti wanne ninaowafundisha kazi. Aliyenialika ni mteja wangu, muuguzi mstaafu. Alikuja kuchukua gauni lake akasimama akinitazama nikikata kitenge, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unajua kukata kitambaa kisipotee hata kipande. Sisi tunahitaji mtu wa kutukatia bajeti namna hiyo." Nikamwambia, "Shikamoo mama, nitakuja." Nikaenda.

Miezi minne ya kwanza sikuipenda, na lazima niseme ukweli huo. Mikutano ilikuwa hotelini, chakula shilingi 15,000 kwa kila kikao. Ukijumlisha ni 60,000 kwa mwezi, mbali na ada ya 120,000 kwa mwaka. Kwa fundi, Februari na Machi kazi inakuwa chache: sikukuu zimepita, wazazi wametoka kulipia sare na madaftari. Nikihudhuria mara tatu, nakosa mbili, na muda nilikuwa nao. Baadaye nikagundua kwamba kijana mwenye gereji Mafiati alikuwa anakosa kwa sababu hiyohiyo, na dada anayeuza pembejeo Uyole vilevile. Tulikuwa tunaaga kwa udhuru wa kazi, wote watatu, bila kuambiana.

Halafu ripoti zilisomwa kwa Kiingereza. Katika chumba kile hapakuwa na mtu asiyejua Kiswahili, na wapo waliokuwa na hoja nzuri wakazimeza mpaka mkutano ukafungwa. Klabu yoyote ya huduma inayosoma hesabu zake kwa lugha ambayo nusu ya wanachama wanaifuatia kwa shida inajinyima macho ya watu hao. Hesabu inataka macho mengi.

Aliyegeuza mambo ni yule mama muuguzi. Mwezi wa tano aliomba nafasi ya mgeni wa wiki, zile dakika ishirini ambazo kila mkutano huwa na mtu wa kutufundisha jambo. Akatusimulia Rotary ilivyoanza. Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, wakili aitwaye Paul Harris alikutana na wenzake watatu: Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey, mshonaji wa nguo. Walikaa ofisini kwa Loehr, chumba namba 711. Wakakubaliana kukutana kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na jina la Rotary likatokana na huko kuzunguka. Hoteli zilikuja baadaye, watu walipokuwa wengi kuliko ofisi zao.

Aliposema mmoja wa wale wanne alikuwa mshonaji, niliinua kichwa. Naye akamalizia: "Ndugu zangu, tumeazima kengele yao, tumeazima faini yao ya kuchelewa, tumeazima na mgeni wa wiki. Kuzunguka ndiko tulikokuacha, na ndiko kuliko bure." Tukapiga kura. Kuanzia Juni tukahama hotelini.

Kikao cha kwanza kilikuwa gereji ya Mafiati. Juni ya Mbeya mnaijua: jua likishazama nyuma ya mlima, baridi inapenya sweta. Tulikaa kwenye mabenchi na matairi, tukashika vikombe vya chai ya tangawizi kwa mikono miwili, viazi vya kuchemsha vikapita kwenye sinia. Mafundi wanafunzi wa pale hawakuondoka, walisimama wakasikiliza. Mwezi uliofuata ilikuwa zamu yangu. Tukasogeza mashine ukutani, meza ya kukatia ikawa meza ya mwenyekiti, kengele ikawekwa karibu na mkasi wangu mkubwa. Sasa kila mtu analipa 2,000 ya chai basi, na ripoti zinasomwa kwa Kiswahili.

Lakini faida kubwa haikuwa kwenye bei. Ukikaa mahali mwenzako anapotafutia riziki unajua anaweza nini. Mwenye gereji hana milioni ya kuchanga, ila ana gari la kubebea mchanga na vijana wenye nguvu. Dada wa pembejeo anawajua wakulima wa viazi wa Uporoto wote kwa majina. Hotelini wote tulikuwa watu wa kiti na sahani, na aliyeonekana ana uwezo ni yule mwenye koti zuri.

Mkutano wenyewe unakwenda hivi. Kengele inalia saa kumi na mbili kamili, na atakayeingia baada ya hapo anatoa 1,000. Mweka hazina anasoma kilichoingia na kilichotoka wiki hiyo, jina kwa jina, kisha anapitisha daftari pamoja na taarifa ya benki mkono kwa mkono. Hapo ndipo penye thamani yote, kwa maoni yangu. Anafuata mgeni wa wiki. Wengine wanachosha, wengine unawakumbuka mwaka mzima. Agosti alikuja muuguzi wa chanjo, akatukumbusha Machi 2022, watoto wetu walipopitiwa nyumba kwa nyumba kupewa matone ya polio baada ya Malawi kutangaza mgonjwa mwezi uliotangulia. Mimi mwenyewe nilimshika mwanangu apewe matone mlangoni kwangu. Sikujua kwamba vilabu vya Rotary vimekuwa vikichangia kazi hiyo duniani tangu mwaka 1985, sehemu ya fedha ikitoka kwenye vikao vidogo kama chetu. Saa moja na nusu tunafunga.

Sasa niseme habari ya kuchangisha, maana ndiyo wengi wanayotaka kuisikia.

Kuchangishana Watanzania hatufundishwi. Kikao cha harusi kila mtu amekaa: kadi, ahadi, kamati ya chakula, katibu anayepiga simu mpaka unazima yako. Harambee yetu ya Septemba ilifanyika kwa njia hizohizo. Lengo lilikuwa matenki mawili ya maji, lita 5,000 kila moja, kwa shule moja ya msingi upande wa Igawilo ambako watoto walikuwa wanafuata maji mtoni na madumu ya lita tano kabla ya kengele ya asubuhi. Tulipita ofisi ya kata, tukakaa na kamati ya shule, tukaeleza mapema kwamba mzazi hatadaiwa kitu. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watu wanashtuka wakisikia neno mchango shuleni, na wana haki ya kushtuka.

Usiku ule ulikuwa mzuri. Mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu ulinadiwa mara nne. Kila aliyeununua aliurudisha mezani unadiwe tena. Taslimu na za simu zikaja 2,150,000. Ahadi 4,300,000. Watu wakapiga vigelegele kana kwamba zote zimeshaingia.

Hazikuwa zimeingia, na hapa nilijifunza kitu ambacho sikukijua nilipojiunga. Ahadi ya harusi inalipwa kwa sababu tarehe ya ndoa inakuja mbio, na hutaki kukutana na baba wa bwana harusi mikono mitupu. Shule haina tarehe hiyo. Mtoto wa Igawilo ataendelea kubeba dumu lake leo na kesho, na aliyeahidi hatamwona. Kitu pekee kilichosimama mahali pa siku ya harusi ni Alhamisi. Kila wiki mweka hazina alisoma orodha: fulani ameahidi kiasi hiki, amelipa kiasi hiki, bado kiasi hiki. Hakugomba. Alisoma tu, kwa sauti ileile. Wanachama wakatoka pale na simu za kupiga kwa wageni waliowaalika. Kufikia mwisho wa Oktoba ahadi zilizolipwa zilikuwa 3,400,000.

Ndiyo maana lilipoletwa pendekezo la kukutana mara mbili kwa mwezi nililipinga. Waliolileta walisema hata Rotary ililegeza sharti la kila wiki mwaka 2016, na ni kweli, siku hizi klabu zake zinaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi. Wao wana zaidi ya miaka mia moja ya mazoea. Sisi tukiruka Alhamisi moja, orodha inapoa.

Jambo lililonikera katika harambee ni gharama. Ukumbi, muziki, mshereheshaji na chakula vilikula 1,100,000. Nililisema kikaoni, nalisema na hapa: mtu aliyetoa 10,000 yake kwa ajili ya maji anapaswa kusomewa kiasi kilichokwenda kwenye spika. Mwaka huu tumekubaliana tuifanye kwenye uwanja wa shule, mchana, kila mwanachama aje na chungu chake. Na lile bango kubwa la kukabidhi, lenye picha za viongozi, watoto wakisimamishwa juani wakisubiri mgeni rasmi, mimi bado sijalikubali.

Halafu likatupata lile la Novemba. Matenki yalifika, misingi ikajengwa, koki zikafungwa, tukapiga picha. Mvua ya kwanza kubwa ikanyesha Jumatatu usiku. Jumanne asubuhi mwalimu mkuu akampigia katibu: maji ya paa zima yamemwagika pembeni ya tenki, na ndani hamna hata ndoo. Hatukuweka gata, ile mifereji ya ukingoni mwa paa. Fundi tuliyemwajiri hakuziandika kwenye makadirio, na sisi wa kamati ndogo, mimi nikiwemo, tulitia saini bila kwenda kusimama chini ya lile paa.

Alhamisi hiyo hakuna aliyepiga soga. Mwalimu mmoja mstaafu akasimama na chaki: mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la madarasa yale ni mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Mvua ya milimita kumi, ambayo huku kwetu ni ya kawaida tu, inaleta lita 1,600, ukitoa kidogo inayorukia nje. Tukatazama ile namba ubaoni. Kila mvua iliyokuwa inapita ilikuwa maji ya watoto yanayokwenda mtaroni. Zilibaki 350,000 za harambee, tukaongeza kilichokuwa kwenye sanduku la faini, na fundi bati aliye mwanachama wetu akasema kazi yake haina malipo.

Jumamosi tulikuwa Igawilo saa mbili asubuhi, kumi na mmoja wetu. Mimi nilishika ngazi na kupokeza misumari. Fundi alituonyesha jinsi gata inavyolazwa ikiinama kidogo kuelekea tenki, kidogo sana, maji yasituame wala yasikimbie yakapita juu. Akaweka na bomba la kumwaga maji ya mwanzo, kwa sababu mvua ya kwanza inashuka na vumbi na mavi ya ndege. Mwalimu wa mazingira akapewa kazi ya kulifungua na kulifunga.

Saa tisa mawingu yakashuka kutoka Uporoto. Tulijibanza barazani na watoto waliokuja kutazama. Mvua ikapiga bati, gata zikajaa, maji meusi yakamwagwa, kisha bomba likafungwa. Msichana mdogo wa darasa la pili hivi akakimbia kwenye mvua akabandika sikio kwenye tenki. Akatupungia mkono tuje. Wakaenda wengine, wakalizunguka wote, masikio kwenye plastiki, wakisikiliza maji yakianguka chini kabisa ndani. Mama anayepika uji wa shule akaja akanishika mkono wangu wa maji, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Sikuweza kumjibu.

Kwa anayefikiria kujiunga: ukitafuta wateja utapata wachache, mimi nimepata watatu, lakini kwa saa hizo sita za mwezi ungewapata wengi zaidi sokoni. Vijana bado ni haba na nadhani ada ndiyo inayowazuia. Nimependekeza ilipwe kwa awamu nne, na jibu litatoka kwenye mkutano mkuu. Usijiunge kama Alhamisi yako haiko mikononi mwako. Mtu anayelipa ada asionekane hatusaidii sana, hata akiwa na pesa.

Mgeni anaruhusiwa kuja mara tatu kabla ya kulipa chochote. Alhamisi hii tuko Uyole, nyuma ya duka la pembejeo. Ajenda ni gata za jengo la pili la shule ileile, na safari hii tumeshakwenda kulipima paa. Njoo na sweta.